Fidla ya Kambini

Wazee wenzangu wakikaa barazani jioni na kuulizana ni muziki gani uliowahi kuwatoa machozi, wengi hutaja taarabu, au bendi zetu za dansi za zamani, au wimbo fulani ulioimbwa siku ya maziko ya mzazi. Mimi nikisema kwamba muziki ulionitoa machozi kuliko mwingine wowote ulitungwa na Mtaliano mmoja kwa ajili ya picha za kauboi, hucheka mpaka wakashika mbavu. Mwalimu mzima, mwenye wajukuu, anazungumzia kauboi! Nimekizoea kicheko hicho. Lakini kwa kuwa kitabu hiki ni changu, na gharama za kukichapa nimezitoa katika kiinua mgongo changu mwenyewe, leo nitamzungumza mtu huyo mpaka nimalize, na msomaji atacheka baadaye akipenda.

Jina lake ni Ennio Morricone. Alizaliwa Roma tarehe 10 Novemba 1928, akafariki huko huko Roma tarehe 6 Julai 2020, akiwa na miaka 91. Katika uhai wake alitunga muziki wa picha za sinema na televisheni zaidi ya 400. Baba yake alikuwa mpiga tarumbeta, naye mtoto akashika tarumbeta hiyo hiyo, akasoma chuo cha muziki cha Santa Cecilia, na utunzi akafundishwa na Goffredo Petrassi. Wakati wa vita vikuu vya pili alikuwa kijana wa kubalehe katika mji uliokaliwa na majeshi ya kigeni, na alipiga tarumbeta mbele ya askari ili apate chakula. Jambo hilo nalitaja sasa kwa sababu nitalirudia.

Nilikutana naye mwaka 1971 bila kujua jina lake. Nilikuwa mwaka wa pili katika chuo cha ualimu mkoani Tanga, na Jumamosi moja kila mwezi tuliruhusiwa kwenda mjini. Wengine walikwenda kwa jamaa zao, wengine baharini. Sisi wanne tulikuwa watu wa sinema. Tulijinyima katika posho yetu ndogo, tukadandia lori la mkonge lililokuwa likishuka mjini, tukakata tikiti za mbele kabisa, zile za bei ya chini ambako mtu hutazama picha shingo imepinda kama kuku anayekunywa maji.

Picha yenyewe ilikuwa The Good, the Bad and the Ugly, ya mwaka 1966, aliyoiongoza Sergio Leone. Leone na Morricone walisoma darasa moja katika shule ya msingi huko Roma, wakapotezana, wakaja kukutana tena watu wazima, Leone alipokwenda kuomba muziki wa picha yake ya kwanza ya kauboi, ile iliyotoka mwaka 1964. Katika picha hiyo ya kwanza Morricone alijificha nyuma ya jina la uongo la Kimarekani, Dan Savio, kwani nani angelipa kiingilio kutazama kauboi wa Kitaliano? Mimi niliyefundisha miaka 36 naipenda sana habari ya wale watoto wawili wa darasa moja. Kila mara nilipopanga wanafunzi wapigwe picha ya kumaliza shule, nilikuwa nikiangalia safu ya mbele na kujiuliza nani kati ya hawa atakuja kumhitaji nani.

Muziki wa mwanzo wa picha ile unajulikana hata na wasiopata kuiona. Ni sauti mbili tu zinazopishana, kama mlio wa koyote, mnyama wa jangwani wa jamii ya mbweha. Kisha mluzi, gitaa, ngoma, na watu wanaoguta kama wachungaji. Sauti zile mbili Morricone alizigawa kwa watu watatu: stelingi alipewa filimbi, adui akapewa okarina, ambayo ni filimbi ya udongo yenye sauti ya shimoni, na yule wa tatu, Tuco, mwizi mwenye maneno mengi, akapewa makoo ya watu. Tungo ni ile ile, koo ndizo tofauti. Tuliporudi chuoni tulipiga mluzi huo mabwenini mpaka Mkuu wa Chuo akaupiga marufuku.

Lakini sikulizwa na mluzi. Katikati ya picha, stelingi na Tuco wanatekwa wakiwa wamevaa sare za jeshi la Kusini, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vile vya 1861 hadi 1865. Wanapelekwa kambi ya wafungwa, na sajini wa kambi ni yule yule adui aliyejipenyeza humo. Anamwita Tuco kibandani kwake, anamkaribisha mezani ale, kisha anamwachia koplo mmoja, jitu la miraba minne, limpige mpaka aitoe siri ya dhahabu. Na nje ya kibanda, kwa amri, wafungwa wenye vyombo vya muziki wanapiga na wenzao wanaimba, ili kilio kisisikike.

Ungetazamia wimbo wa makelele. Sivyo. Morricone aliwatungia wafungwa wale wimbo mwororo, wa mwendo wa pole, ambao mama angeweza kumlazia mtoto. Jina lake ni Hadithi ya Askari. Kuna kinanda cha mdomo, kuna fidla, kuna sauti za wanaume wachovu zinazopanda pamoja na kushuka pamoja. Leone anatuonyesha ngumi ndani, kisha nyuso nje, kisha ngumi tena. Mpiga fidla mmoja, kijana, machozi yanamtiririka. Mkono wake unalegea, na mlinzi anamwamuru aendelee. Anaendelea. Stelingi ameketi miongoni mwa wafungwa, naye anaelezwa wimbo ule ni wa nini, kwani wapo wengi pale waliokwisha kupita katika kibanda kile wakiimbiwa na wenzao.

Wale waliowahi kukaa viti vya mbele katika sinema zetu za zamani wanajua hapakuwa na utulivu. Watu walimshauri stelingi, walimtukana adui, walikula karanga na kutupiana maganda. Dakika zile ukumbi ulinyamaza. Nilikuwa na miaka 22, na nililia nikajifuta kwa mkono wa shati. Mwenzangu aliponitazama nikamwambia ni jasho.

Leone alikuja kueleza kwamba alipotunga tukio lile alikuwa akifikiria kambi za Wanazi, ambamo wafungwa walilazimishwa kuwa na vikundi vya muziki. Habari hiyo niliisoma nikiwa nimekwisha kustaafu, na hapo ndipo nilipoikumbuka ile tarumbeta ya Roma. Sidai kwamba najua Morricone aliwaza nini alipokaa mezani kuandika wimbo wa kambini. Ila nasema hivi: aliyewahi kupiga chombo mbele ya wenye bunduki huku tumbo likiwa tupu hakuhitaji kuhadithiwa uso wa yule mpiga fidla.

Katika picha nyingi muziki ni kama mwalimu msaidizi. Unamwonyesha mtazamaji mahali pa kuogopa na mahali pa kufurahi. Katika kambi ile muziki umepewa kazi ya kusema uongo. Unawaambia wapita njia: hapa kuna amani, watu wanajiburudisha. Na wakati huo huo unatuambia sisi ukweli wote. Angetunga wimbo mbaya, tungeuchukia wimbo na mambo yangekwisha. Aliutunga mzuri, tena mzuri kwa dhati, bila hila, na kwa hiyo tunapenda kuusikia na tunaona haya kwamba tunapenda. Sijasikia mtunzi mwingine aliyeweza jambo hilo kwa noti chache namna ile.

Alilirudia kwa njia nyingine miaka miwili baadaye. Once Upon a Time in the West, ya mwaka 1968, niliitazama kwa kuchelewa sana, mwaka 1992, kwa mkanda wa video nyumbani kwa mwalimu mwenzangu. Wakati huo Tanzania Bara haikuwa bado na kituo cha televisheni, na mwenye runinga alikuwa mtu wa mikanda tu, akifuatwa na nusu ya mtaa. Muziki wa picha hii ulitungwa na kurekodiwa kabla picha haijapigwa, na Leone akawa anaupigisha kazini ili waigizaji watembee na kugeuza macho kwa mwendo wake. Wengi husifu sauti ya mwanamke, Edda Dell'Orso, anayeimba bila neno hata moja pale mjane anaposhuka kwenye treni na kukuta hakuna wa kumpokea. Nami naisifu. Mke wangu, ambaye picha za kauboi hakuzipenda kamwe, alitoka jikoni kuja kuisikiliza, mwiko mkononi.

Lakini kinachoniuma ni kile kinanda cha mdomo. Tangu mwanzo wa picha kuna mtu asiye na jina ambaye hazungumzi sana. Badala ya kuzungumza anapuliza kinanda, na mlio wake si wimbo, ni kama bawaba ya mlango yenye kutu. Tunadhani ni mbwembwe. Karibu na mwisho tunaonyeshwa. Alipokuwa mtoto, jambazi alimsimamisha kaka yake juu ya mabega yake, kitanzi shingoni, kisha akamtia mtoto yule kinanda mdomoni apulize. Mabega yatachoka lini? Mlio ule tuliousikia muda wote ni pumzi ya mtoto anayeishiwa nguvu. Hapo tena chombo cha muziki kimetumiwa na katili, na hapo tena Morricone hakukinyamazisha. Alikiacha kilie juu ya gitaa la umeme na okestra nzima, mpaka mtoto akaanguka.

Kuna Morricone mwingine anayependwa na watu wapole, nami sina ugomvi nao. Ule muziki wa Deborah katika Once Upon a Time in America, ya mwaka 1984, ni wa mzee anayehesabu alivyovipoteza. Ule wa Cinema Paradiso, ya mwaka 1988, ambao sehemu yake ya mapenzi aliitunga mwanawe Andrea, umeliza nusu ya dunia, na aliyewahi kuona jumba la sinema la mji wake likigeuzwa ghala ataelewa kwa nini. Ni muziki mzuri. Mimi hunifariji, na kinachonifariji sikihesabu miongoni mwa vile vilivyoniingia mpaka mfupani.

Isipokuwa kimoja. The Mission, ya mwaka 1986, inahusu mapadre Wajesuti na watu wa Guaraní huko Amerika ya Kusini, katika miaka ya 1750. Padre Gabriel anapanda maporomoko makubwa ya maji, anakaa juu ya jiwe msituni akijua kwamba aliyemtangulia aliuawa, anatoa obo na kuanza kupiga. Obo ni ndugu wa zumari yetu. Vyote viwili hupulizwa kwa mwanzi wenye ndimi mbili zinazotetemeka pamoja, na mtu aliyezoea zumari ya ngoma za pwani atautambua ule mlio wa puani, ingawa ya Kizungu imefunzwa adabu. Wenyeji wanatokea na mishale. Mmoja wao, mtu mzima mwenye hasira, anamnyang'anya obo na kuivunja. Mwingine anaiokota, anajaribu kuunga vipande, haviungiki. Basi anamshika padre mkono na kuondoka naye.

Inasemekana Morricone alipoonyeshwa picha ile bila muziki alikataa kazi, akisema imetosha kama ilivyo na yeye ataiharibu. Alishawishiwa. Mwaka 1987 tuzo ya Oscar ilikwenda kwa picha nyingine, na mashabiki wake hawajasamehe mpaka leo. Alipewa ya heshima mwaka 2007, akashukuru kwa Kitaliano huku Clint Eastwood, yule yule stelingi wa kambini, akiwa mkalimani wake. Na mwaka 2016, akiwa na miaka 87, akashinda ya ushindani. Hayo ya tuzo yanatosha.

Nimeiweka obo ile pamoja na fidla na kinanda kwa sababu moja. Yule mtu juu ya jiwe hakulazimishwa na yeyote. Anapiga naye anaogopa, na vidole vinaonyesha. Kwa miaka mingi nilijihesabu upande wa jiwe lile. Nilikuwa mwalimu wa kwaya kabla sijawa mwalimu mkuu, nikaamini kwamba nimewapelekea watoto wa vijijini muziki kwa mikono mitupu, kama padre.

Tarehe 6 Julai 2020, jioni, mjukuu wangu aliyekuwa ametoka Dar es Salaam aliniambia, "Babu, yule Mtaliano wako amekufa." Akanisomea kwenye simu habari ya barua aliyoiacha Morricone, ya kuwaaga watu baada ya kifo chake. Humo aliwataja jamaa na marafiki, akaeleza kwamba hakutaka mazishi makubwa yasumbue watu, na maneno ya mwisho akamwachia mkewe Maria, waliyeoana mwaka 1956, ambaye kila tungo aliisikia yeye kwanza kabla ya mwongozaji wa picha. Nikamwambia mjukuu anitafutie wimbo wa kambini. Vijana hupata kila kitu. Hata dakika mbili hazikupita, ukaanza kulia katika kile kisimu kidogo. Niliusikiliza macho nimeyafumba. Na nilichokiona si kambi ya sinema. Niliona stoo ya shule.

Ilikuwa mwaka 1984, mwaka wa njaa. Nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi ambayo sitaitaja. Shamba la shule lilikuwa limetoa mahindi kidogo, na wageni kutoka wilayani walikuwa wanakuja kuliona. Alfajiri ya siku hiyo wavulana watano wa darasa la tano na la sita walikamatwa wakichoma mabichi kando ya mto. Nilimwagiza mwalimu wa nidhamu awapeleke stoo na awachape. Sikumpa idadi. Kitabu cha viboko kilikuwa mezani kwangu, nami sikukifungua, na wala hakikuandikwa neno siku hiyo wala baadaye.

Wageni tuliwatazamia saa tano. Land Rover ikaingia saa tatu na nusu. Stoo ilikuwa hatua 30 kutoka mwembe ambako viti vilikuwa vimepangwa, na kilio kilikuwa kinasikika wazi. Ningeweza kwenda mlangoni na kusema neno moja, "Basi." Nilihofia nini? Nimejiuliza mara nyingi. Nilihofia walimu wenzangu wangesema mwalimu mkuu amelegea mbele ya wakubwa. Hilo tu, hapakuwa na jingine. Badala ya kwenda mlangoni nilikwenda kwenye kwaya, iliyokuwa imejipanga kwa ajili ya mapokezi, nikawaambia waanze wimbo wa kukaribisha wageni na wasiache mpaka niwape ishara.

Kiongozi wa kwaya alikuwa msichana wa darasa la saba. Mmoja wa wale watano stooni alikuwa mdogo wake, tumbo moja. Aliimba beti mbili, sauti ikamkatika. Nilimsogelea. Wageni walikuwa wanashuka garini na kujikung'uta vumbi. Nikamwambia kwa sauti ya chini, meno yameumana, "Imba!"

Akaimba. Waliimba wimbo ule mara nne mfululizo, na wageni wakasimama kuusikiliza, wakitabasamu na kupiga makofi kwa kufuata mapigo. Katika kitabu cha wageni mkubwa wao aliandika kwamba kwaya ya shule hii inastahili kuigwa. Ukurasa ule niliusoma mara nyingi kwa fahari.

Msomaji ataniuliza, na ana haki: wewe uliyelia Tanga mwaka 1971, ulisahau? Naam, nilisahau. Miaka 13 tu ilikuwa imepita. Hata niliporudi kuitazama tena picha ile kwa mkanda mwaka 1992, nililia tena mahali pale pale, nikampa mwenyeji wangu maelezo marefu juu ya ukatili wa mlinzi yule, wala stoo haikunijia. Nililia kama mpiga fidla. Haikunipitikia kwamba mimi ningeweza kuwa mtu mwingine katika tukio lile.

Mwaka 2021 nilimtafuta. Nilimkuta Muheza, karibu na stendi, anauza machungwa. Mama mtu mzima, mwenye wajukuu. Aliniona kabla sijamwona.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo?"

"Hatujambo, Mwalimu. Karibu, kaa hapa kivulini."

Alinipa kigoda, akachukua kisu na kuanza kunimenyea chungwa. Nilikuwa nimetayarisha maneno njia nzima ndani ya basi, nikayasema yote kwa mkupuo kama mtoto anayesoma ghibu. Nilimtajia siku, stoo, na neno lile nililomwambia. Hakuinua uso. Ganda la chungwa lilikuwa linashuka mkononi mwake bila kukatika.

"Tulikuwa tunasikia, Mwalimu," alisema. "Kwaya yote tulikuwa tunasikia. Sauti hazipotei kwa sababu watu wanaimba."

Nikanyamaza.

"Ulipokuja kuniambia niimbe, niliwaza, nikiacha, yule mtoto atajiona yuko peke yake. Nikaimba kwa nguvu ili ajue nipo. Na kweli alijua. Alikuja kuniambia ukubwani kwamba hakuhesabu viboko, alihesabu beti."

Nilimwambia naomba radhi. Akakata chungwa nusu kwa nusu, akanipa. Alisema, "Tumekusikia, Mwalimu." Hakusema zaidi ya hapo, nami sikumdai. Kisha, kama mtu anayezungumzia bei ya sokoni, akaniambia kwamba shule ile mpaka sasa huuimba wimbo wetu wa kukaribisha wageni; hajui nani aliufundisha kizazi hadi kizazi. Anapokwenda kusalimu kwao hupita nyuma ya shule, na akiukuta unaimbwa huongeza mwendo mpaka avuke mto.

Nilimuuliza habari za mdogo wake. Ni dereva wa malori ya masafa marefu. Alinipa namba yake, akaniandikia mwenyewe kwenye kipande cha gazeti. Nilikaa nayo wiki tatu. Nilipiga mara ya kwanza, ikaita bila kupokewa. Mara ya pili vile vile. Mara ya tatu alipokea. Nikajitambulisha, nikataja shule na mwaka. Nilisikia injini ya lori na upepo, kwa muda mrefu.

"Shikamoo, Mwalimu," akasema. "Niko barabarani. Nitakupigia."

Simu yangu huiweka karibu na kitanda.